Kidonge hakimzoeshi mtoto

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka tisa alipoanza kuficha homa. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, joto la Dar es Salaam likiwa limeshapamba moto, dada alimkuta amejifunika kanga mbili, meno yanagongana, naye anasisitiza kwamba hajambo. Mikono alikuwa ameikalia. Tulichelewa kuelewa maana ya ile mikono. Alikuwa anaficha vidole. Alichokuwa anakimbia ni kipimo cha malaria, lile tone moja la damu linalotolewa kwenye ncha ya kidole.

Hofu ile ilikuwa na chanzo. Akiwa na miaka minne alilazwa kwa malaria kali, mshipa wa kuwekea dripu ukatafutwa mkono wa kulia, wa kushoto, mpaka mguuni. Tangu hapo harufu ya spiriti ilitosha kumtoa macho. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wazee wetu walilieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko daktari yeyote.

Dada yangu, maji yakiwa yamemfika shingoni, alikwenda duka la dawa akaeleza shida yake. Akauziwa vidonge viwili vya diazepamu bila cheti, vikatiwa kwenye kibahasha cha kaki, akaambiwa ampe nusu kidonge saa moja kabla ya kwenda kupima. Mtoto alilegea, akatobolewa kidole akiwa amesinzia begani kwa mama yake, akalala mpaka magharibi. Malaria ikaonekana, ikatibiwa, tukamshukuru Mungu. Homa iliyofuata, miezi michache baadaye, mtoto alianza kupiga kelele kabla hatujafunga mlango wa nyumba, na kule kituo cha afya walihitajika watu wazima wanne kumshika. Ile nusu ya kidonge ilimvusha siku moja, haikumwachia kitu cha kumvusha siku ya pili.

Nalisema hili mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi. Naamini kwamba kwa mtoto mwenye hofu kali ya kitu kimoja, iwe sindano, mbwa, giza, radi au kimo kirefu, dawa haipaswi kuwa mlango wa kwanza, na mara nyingi haipaswi kuwa mlango kabisa. Sisemi hivyo kwa kuchukia vidonge. Nasema kwa sababu ya namna hofu inavyofanya kazi, na kwa sababu ya kile ambacho tafiti zimeonyesha na kile ambacho hazijawahi kuonyesha.

Tuanze na kutenganisha. Si kila woga ni ugonjwa. Mtoto wa miaka mitatu anayeogopa giza, au anayejificha nyuma ya gauni la mama akiona mbuzi dume, yuko sawasawa kabisa. Kwetu woga una heshima yake: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani wa mwaka 2013 unaita hofu kuwa fobia pale inapozidi mno hatari yenyewe, inapodumu kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na inapomvurugia mtu maisha: shule, usingizi, matibabu, michezo. Mwongozo huo unakumbusha pia kwamba mtoto huenda asiseme “naogopa”. Hulia, huganda kama gogo, humng’ang’ania mzazi, au hurusha mateke. Ni watoto wangapi wamechapwa kwa “ukorofi” ambao ulikuwa hofu?

Sasa, hofu ya aina hii hutibiwaje? Jibu la msingi lina umri wa miaka mia moja. Mwaka 1924, New York, mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza kisa cha mtoto aliyemwita Peter, mwenye umri wa karibu miaka mitatu, aliyekuwa akiogopa sungura, manyoya na vitu vinavyofanana navyo. Miaka minne kabla yake, John Watson alikuwa amefanya kinyume: alimtia mtoto mchanga hofu ya panya mweupe kwa kugonga chuma nyuma ya kichwa chake kila panya alipoletwa, jaribio ambalo leo lisingepewa kibali popote. Jones yeye alikuwa anatafuta njia ya kuitoa hofu. Alimkalisha Peter kwenye kiti, akampa chakula anachokipenda, na sungura akaletwa ndani ya kizimba, mbali. Siku hadi siku kizimba kilisogezwa. Watoto wengine wasiomwogopa sungura waliachwa wacheze naye Peter akiona.

Kuna kipande cha kisa hicho ambacho watu hukiruka, nami nakipenda kuliko vyote. Katikati ya kazi Peter aliugua, akakosekana karibu miezi miwili, na siku anatoka hospitali mbwa mkubwa akamrukia. Hofu yote ikarudi. Jones hakumwongezea kitu cha kumpumbaza. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akaanza upya. Mwishowe Peter alimwacha sungura amtafune-tafune vidole.

Kiswahili kina neno linaloitosheleza kazi ile yote: kuzoesha. Mtoto wa pwani hazoeshwi bahari kwa kutupwa kwenye mkondo. Huanza maji ya kifundo, akacheka, akaingia maji ya goti, siku nyingine ya kiuno. Kila hatua hofu hupanda, hufika kileleni, na mtoto akibaki pale pale bila kukimbia, hushuka yenyewe. Anangoja janga na janga halitokei. Kule kutotokea ndiko kunakoandikwa kichwani. Akikimbia, hofu hushuka pia, tena haraka, lakini kinachoandikwa ni kingine: nimepona kwa sababu nilikimbia.

Hapo ndipo kidonge cha kutuliza kinapoharibu. Diazepamu na ndugu zake, zile dawa ziitwazo benzodiazepini, huishusha hofu kabla haijapanda. Mtoto anakuwa chumbani na sindano, lakini kichwa chake hakipo darasani. Akizinduka, somo alilobaki nalo ni kwamba amepona kwa sababu alimeza. Mwaka 1997 watafiti wawili, Frank Wilhelm na Walton Roth, walichapisha matokeo ya wanawake 28 wenye hofu ya kusafiri kwa ndege. Nusu walipewa alprazolamu, mmoja wa ndugu za diazepamu, kabla ya kuruka, nusu kidonge kisicho na dawa ndani yake. Safari ya kwanza waliomeza dawa walijisikia vizuri zaidi. Wiki moja baadaye wote walirushwa tena bila dawa, na walioimeza mara ya kwanza ndio walioshikwa na kiwewe zaidi. Hao walikuwa watu wazima, si watoto. Lakini nikisoma matokeo yale namwona mtoto wetu mlangoni akipiga kelele.

Yapo mengine. Baadhi ya watoto benzodiazepini huwafanya kinyume: badala ya kutulia wanahamaki, wanalia, wanakuwa hawashikiki. Mwili huzizoea vibaya, na mwaka 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza onyo kali zaidi kwenye maelezo yake kuhusu uraibu na matumizi mabaya. Zikichanganywa na dawa nyingine zenye kusinzisha zinaweza kupunguza pumzi. Na sisi tunaziuza kwenye kibahasha cha kaki.

Mzazi msomi ataniuliza kuhusu zile dawa nyingine, zinazotumiwa kwa sonona na wasiwasi: fluoksetini, setralini, fluvoksamini. Hizo ni habari tofauti na zinastahili maelezo ya haki. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliwapa fluvoksamini baadhi ya watoto na vijana 128 walioingia kwenye utafiti. Asilimia 76 ya waliopewa dawa walipata nafuu, dhidi ya asilimia 29 ya waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2008 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wa watoto 488 wenye umri wa miaka 7 hadi 17. Waliopewa setralini pamoja na tiba ya mazungumzo na mazoezi ya kuikabili hofu, karibu asilimia 81 walipata nafuu. Waliopewa tiba hiyo peke yake, karibu 60. Setralini peke yake, karibu 55. Kidonge kitupu, karibu 24.

Takwimu hizi hunukuliwa kila mahali kuonyesha kwamba dawa inatibu hofu za watoto. Swali la kuuliza ni: hofu zipi? Tafiti zote mbili zilichukua watoto wenye wasiwasi wa jumla usiokwisha, hofu ya kutenganishwa na wazazi, na hofu ya kuwa mbele za watu. Hawakuchaguliwa kwa sababu wanaogopa mbwa au sindano. Kwa fobia ya kitu kimoja, tafiti za dawa hizi ni chache na ndogo mno, nyingine za watu wazima kumi na kidogo tu. Kuchukua namba za wasiwasi wa jumla ukazibandika kwenye hofu ya sindano ni sawa na kumpa mgonjwa wa jicho dawa ya sikio kwa kuwa vyote viko kichwani.

Tena dawa hizi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, humezwa kila siku, na zina tahadhari yake. Mwaka 2004 Mamlaka ile ile ya Marekani iliagiza ziwekewe onyo lenye fremu nyeusi, baada ya kupitia majaribio 24 yaliyohusisha zaidi ya watoto na vijana 4,400: mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilionekana kwa asilimia 4 ya waliomeza dawa, na asilimia 2 ya waliomeza kidonge kitupu. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo, na ni haki kulisema hilo. Kwa mtoto mwenye sonona nzito au wasiwasi unaomfungia ndani ya nyumba, daktari akipima faida na hatari anaweza kabisa kuamua kwamba dawa inafaa, na mzazi asione haya kuipokea. Kwa mtoto anayeogopa mbwa wa jirani, ambaye maisha yake mengine yako shwari, mimi sioni hesabu inayokubali.

Dawa moja tu katika hadithi hii imenipa tumaini la aina yake, na inatoka mahali tunapopajua. Saikloserini hutumika huku kwetu kutibu kifua kikuu sugu. Mwaka 2004 watafiti wa Atlanta waliitumia kwa dozi ndogo kwa watu wanaoogopa kimo, muda mfupi kabla ya vikao vya kuwazoesha kwa picha za kompyuta zinazomfanya mtu ajione yuko juu ya ghorofa. Walioipata walisonga mbele haraka zaidi. Dawa hiyo hainyamazishi hofu; inausaidia ubongo kulishika somo. Tafiti zilizofuata zimepunguza matarajio, faida ikaonekana ndogo na isiyotabirika, kwa hiyo simshauri mtu aitafute. Ninachokiona muhimu ni hiki: hata ile dawa iliyoonekana kuelekea kutibu fobia yenyewe, kazi yake yote ilikuwa kuongeza nguvu ya kuzoesha. Bila kuzoesha hakuna cha kukiongezea nguvu.

Nakuja kwenye hoja ninayoisikia kila ninapozungumza na wazazi, nayo si ya kipuuzi: wataalamu tutawatoa wapi? Madaktari wa magonjwa ya akili wa watoto wanahesabika kwa vidole. Ukiwa Tandahimba au Kibondo, hospitali za Muhimbili na Mirembe ni majina ya kwenye redio. Duka la dawa liko mtaani. Kidonge kinapatikana leo, kwa bei ya mkate.

Lakini hoja hii naiona inageuka nyuma-mbele. Dawa za akili za watoto ndizo zinazohitaji bingwa, kwa sababu zinahitaji mtu wa kupima dozi, kufuatilia, kutambua dalili mbaya na kujua jinsi ya kuziacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mabingwa unasema wazi kwamba watoto wenye matatizo ya wasiwasi wasianzishiwe dawa huko. Kuzoesha ndiko kunakoweza kufundishwa kwa nesi, kwa mwalimu, kwa shangazi mwenye subira. Tena hakuchukui miezi. Lars-Göran Öst wa Uswidi alieleza mwaka 1989 tiba ya kikao kimoja: mpango unaandaliwa kwanza, kisha mgonjwa na mtaalamu wanapanda ngazi ya hofu pamoja kwa muda usiozidi saa tatu, siku hiyo hiyo. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo kutoka Uingereza ya watoto 268 wa miaka 7 hadi 16 wenye fobia mbalimbali. Miezi 6 baadaye waliopata kikao kile kimoja hawakuwa nyuma ya waliopata vikao vingi, na gharama ilikuwa ndogo.

Simaanishi mtu yeyote anyanyuke tu na kumsukumia mtoto kile anachokiogopa. Watu wanne kumshika mtoto si kuzoesha. Mtoto hakuchagua kubaki, hakuiona hofu ikishuka, aliona nguvu zake zikishindwa. Hatua ni ya mtoto. Mkubwa anaipendekeza, anaonyesha kwanza yeye, anangoja. Na haongopi. “Haiumi” ni uongo unaovunja imani kwa sekunde moja. Shirika la Afya Duniani, katika waraka wake wa mwaka 2015 kuhusu maumivu wakati wa chanjo, liliwataka wahudumu watumie maneno ya kawaida yasiyotisha wala kudanganya, mtoto awe mikononi mwa mlezi wake, mkubwa kidogo akae wima, na chanjo inayouma zaidi iwe ya mwisho. Hakuna hata kimoja kinachohitaji bajeti.

Kuna jambo jingine lisilohitaji bajeti. “Ukiendelea kulia, daktari atakuchoma sindano.” Nimelisikia kwenye daladala, sebuleni, na mara moja kwenye foleni ya kliniki yenyewe, mama akimwambia mtoto wa miaka miwili. Tunaifanya sindano kuwa fimbo, halafu tunashangaa mtoto anapoikimbia.

Hofu ya damu na sindano ina upekee ambao kila mhudumu anapaswa kuujua. Fobia nyingine hupandisha mapigo ya moyo na kuyaacha juu. Hii huyapandisha kidogo, kisha moyo na presha hushuka ghafla na mtoto anazimia. Mara nyingi ipo kwenye ukoo. Muulize baba, atakuambia naye alianguka siku ya jando. Kumwambia mtoto huyu “legeza mwili” kunaweza kumuangusha upesi zaidi, na kidonge cha kutuliza hakizuii presha kushuka. Öst na wenzake waliwafundisha watu kama hawa kukaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, kuachia kwa nusu dakika hivi, na kurudia mara tano. Presha inapanda, mtoto anabaki macho. Nadhani kila nesi anayekwenda shuleni kuwachanja wasichana chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, angefundishwa zoezi hili dogo, tungeokota wasichana wachache sakafuni.

Na mbwa je? Hapa miongozo ya ng’ambo inahitaji kupimwa kwa macho yetu. Vitabu vya huko huishia mtoto akimkumbatia mbwa. Huku kichaa cha mbwa kipo na kinaua, na mbwa wengi wa mitaani hawajachanjwa. Aidha kwa Waislamu wa mwambao wetu, walio wengi wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtoto wa Pemba asiyetaka kuguswa na mbwa haumwi kitu. Anayeacha shule kwa sababu njiani kuna mbwa aliyefungwa, huyo anahitaji msaada, na kikomo cha tiba yake ni kupita pale kwa mwendo wa kawaida bila kukimbia. Kikomo hicho kinapangwa na familia.

Sitaki kuficha mahali ambapo dawa ina nafasi hata kwenye hofu ya kitu kimoja. Mtoto mwenye jino lililooza, uso umevimba, hawezi kungoja ngazi ya hatua kumi. Daktari akimpa midazolamu, ndugu mwingine wa diazepamu, chini ya uangalizi, mashine ya kupima oksijeni ikiwa kidoleni, amefanya haki. Vivyo hivyo kwa upasuaji wa dharura. Ninachoomba ni kwamba dharura ikiisha mtu aandike kwenye faili kuwa hofu ya mtoto huyu bado haijatibiwa, na apangiwe siku ya kurudi.

Kwa mtoto wetu tulianza na pamba. Nesi mmoja mwenye moyo, niliyemwomba msaada baada ya ile siku ya watu wanne, alitupa pamba, chupa ndogo ya spiriti na bomba la sindano lisilo na sindano. Siku ya kwanza pamba ilikaa upande wa pili wa meza. Siku ya tatu aliishika. Tulimfuta mwanasesere, akanifuta mimi, akajifuta mwenyewe. Wiki ya pili nilijitoboa kidole mbele yake, nikasema ukweli: inauma kidogo, kama kung’atwa na siafu. Akalisogelea lile tone la damu akaliangalia kwa muda mrefu. Tulikwenda kituo cha afya mara mbili bila kupima chochote, tukakaa benchi, tukaisikia ile harufu, tukarudi nyumbani.

Homa ilirudi mwezi wa sita, na safari hii alimwambia mama yake mwenyewe. Pale maabara alilia. Alilia sana, na kwa muda wa dakika kumi hivi alirudisha mkono kila kijisindano kilipokaribia. Mtaalamu wa maabara alikuwa na foleni ndefu, nikamwona anaangalia saa. Nikamwomba atuvumilie. Mtoto akakaza ngumi ya mkono mwingine, kama tulivyofanya mazoezi, akanigeukia.

“Mama mdogo, usinishike.”

Nikarudisha mikono yangu. Akatoa kidole cha tatu, akakigeuza pembeni mwenyewe, pale ambapo alikuwa ameshagundua panauma kidogo kuliko nchani.